Mtaa unaotaka kutenganisha taka uanzie kwa mnunuzi

Mara kwa mara mtaa fulani mjini huletewa mapipa matatu ya rangi tatu. Mgeni rasmi anapiga nayo picha, watu wanapiga makofi, na wiki ya pili mapipa yote yamejaa kitu kilekile: maganda ya ndizi juu, pampasi katikati, makopo ya maji chini. Lawama wanatupiwa wananchi, eti hawana elimu. Mimi naona wananchi wameelewa vizuri sana. Wameliona gari linakuja moja, kijana anamimina vyote pamoja, na hakuna mtu anayependa kufanya kazi ambayo mwenzake ataivuruga mlangoni.

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wa kamati, na mkazi yeyote aliye tayari kuwasumbua mpaka waanze. Mifano ni ya miji ya Tanzania, hasa Dar es Salaam. Msomaji wa Kenya abadilishe ngazi tu: huko Katiba ya 2010 imeweka taka mikononi mwa kaunti, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Utaratibu ninaoupendekeza unakwenda kinyumenyume. Unaanzia mwisho wa safari ya taka, halafu unarudi hatua kwa hatua mpaka jikoni.

Hatua ya 1: Ulizeni mkataba unasemaje

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, taka ngumu ni wajibu wa mamlaka za serikali za mitaa, yaani halmashauri, na kanuni za taka ngumu za 2009 zimegusa pia suala la kuzitenganisha. Sehemu nyingi halmashauri huikabidhi kazi hiyo kwa mkandarasi au kikundi kwa mkataba. Kwa hiyo kabla hamjaita mkutano, nendeni kwa mtendaji wa mtaa na bwana afya wa kata mkaulize maswali manne. Mkataba wa mkandarasi unaisha lini? Anatakiwa kupita siku zipi? Ada anakusanya nani, na risiti inatoka wapi? Na je, kuna kipengele kinachomlazimu kupokea taka zilizotenganishwa bila kuzichanganya tena?

Jibu la swali la nne mara nyingi ni hapana. Lisiwakatishe tamaa, liandikeni tu pembeni, maana tutalirudia mwishoni. Kwa sasa mnachohitaji ni mkandarasi akubali kwamba baadhi ya taka hazitapanda gari lake. Akiwa na akili ya biashara atakubali haraka, kwa sababu kila tani asiyoibeba ni mafuta aliyoyaokoa. Na safari za taka zimerefuka: wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu kudai dampo lifungwe, na mwaka 1988 mahakama ikawa upande wao. Dampo likahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha likaishia Pugu Kinyamwezi. Uchafu haukupungua, safari ndiyo iliyorefuka, na anayelipia urefu huo ni mwenye nyumba anayetoa ada kila mwezi.

Hatua ya 2: Tafuteni pa kupeleka kabla ya kutafuta ndoo

Hapa ndipo miradi mingi inapofia, kwa hiyo msipaharakishe.

Anzeni na vinavyonunuliwa. Zungukeni vituo vya wanunuzi vilivyo karibu, vile vyenye mizani mlangoni na marundo ya makopo nyuma, na mwulize kila mmoja: unanunua nini, kwa kilo bei gani, unataka kiwe katika hali gani, na kiwango cha chini cha kukufanya utume guta, kile chombo cha mizigo cha matairi matatu, ni kilo ngapi? Majibu yatatofautiana. Makopo ya maji yana soko karibu kila mahali. Plastiki ngumu kama madumu, mabeseni na ndoo zilizovunjika ina bei yake, na wanunuzi wengine wanataka vifuniko vitengwe. Maboksi yananunuliwa yakiwa makavu, lakini yakilowa bei inaporomoka au yanakataliwa. Vyuma na masufuria mabovu havihitaji kutangazwa, vina watu wake tangu zamani. Chupa za soda na bia za kurudishwa huwa hazifiki kwenye taka kwa sababu zina kreti na zina dhamana. Chupa nyingine za kioo ni mtihani: ni nzito, zinakata mikono, na wanunuzi wake ni wachache. Kama hamjampata mnunuzi wa kitu, msiwaambie watu wakitenge.

Kwenye vyuma chakavu fungueni daftari linaloonyesha kila kilichouzwa na kimetoka kwa nani. Mfuniko wa mtaro ukipotea mahali, kikundi chenu kitakuwa cha kwanza kunyooshewa kidole.

Halafu kuna mabaki ya jikoni. Katika miji yetu haya ndiyo zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, machicha ya nazi, ugali uliolala, matumbo ya dagaa. Ndiyo yanayonuka, ndiyo yanayoleta nzi, na yakifukiwa dampo bila hewa hutoa gesi ya methani. Mtaa unaoyaondoa haya kwenye gari umemaliza sehemu kubwa ya shida, hata kama chupa bado zinazagaa. Bahati mbaya kampeni nyingi hufanya kinyume. Zinashughulika na chupa kwa sababu zinapiga picha vizuri, na maganda zinamwachia mkandarasi.

Mabaki yana njia tatu: mfugaji, mboji (yaani mbolea ya vitu vilivyooza) au funza. Mfugaji wa nguruwe, mbuzi au kuku anayachukua leo hii bila mradi wowote, mradi yawe safi, hayana plastiki wala sindano. Mboji inahitaji kiwanja. Funza wanaofugwa kwenye mabaki ili kulisha kuku na samaki ni biashara nzuri lakini inataka mtu aliyefundishwa na anayekuwepo kila siku, kwa hiyo msianze nayo. Mkiwa Kinondoni, ulizeni manispaa kuhusu kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani. Na kama mnaweza, tumeni wajumbe wawili Bonyokwa, Ilala, ambako shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na wakusanyaji wa taka waliojiunga kwenye ushirika wakipita nyumba kwa nyumba. Mtajifunza mengi kwa kufuatana na mkokoteni wao asubuhi moja kuliko kwenye semina.

Hatua ya 3: Pimeni

Chagueni kaya 20 zinazofanana na mtaa wenu: wenye nyumba, wapangaji wa chumba na sebule, mama ntilie mmoja au wawili. Waombeni wiki moja tu waweke mabaki ya jikoni peke yake, vinavyouzika peke yake, na kilichobaki peke yake. Kila siku pimeni kwa mizani ya kuning'iniza na mwandike.

Tuseme kaya hizo zina watu 90 na mabaki ya wiki nzima ni kilo 250. Gawanya kwa siku 7, kisha kwa watu 90, unapata kama kilo 0.4 kwa mtu kwa siku. Mkianza na kaya 100 zenye watu 450, jiandaeni kubeba kilo 180 za mabaki kila siku. Huo ni mzigo wa guta moja, na sasa mnajua mnahitaji guta moja na si kirikuu, yaani gari dogo la mizigo. Hesabu ndogo kama hii ndiyo inayotofautisha mpango na maneno ya jukwaani.

Hatua ya 4: Makundi matatu, basi

Kuna vipeperushi vinavyomtaka mama mwenye watoto wanne na jiko la mkaa barazani atenge taka makundi sita. Hatatenga. Mpeni matatu: kinachooza, kinachouzika, kilichobaki. Mpaka wa makundi hayo uwekwe kwa majina ya vitu watu wanavyovijua. Pampasi, pedi, mifuko laini iliyochafuka, vumbi la kufagia na vipande vya chupa ni vilivyobaki. Mkiandika "taka zisizorejelezeka" mtakuwa mmejiandikia wenyewe.

Sindano, betri na dawa zilizopitwa na muda msiziingize kwenye mkokoteni hata kidogo. Sindano ziwekwe kwenye dumu gumu lenye kifuniko na zirudishwe kituo cha afya, baada ya bwana afya kukubaliana nacho.

Hatua ya 5: Vyombo vya bei ya mtaani

Mabaki ya jikoni yanataka ndoo yenye mfuniko. Ndoo ya rangi iliyooshwa inatosha, ya lita 10 kwa kaya moja. Vinavyouzika vinataka mfuko wa sulufeti ulioning'inizwa kwenye msumari, maana ukikaa chini unalowa na watoto wanaumwaga. Vilivyobaki viendelee kwenye kiroba kilekile cha siku zote. Mifuko laini ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na vile vifungashio vyembamba vinavyotumika kinyemela badala yake visiwe mfuko wenu wa taka. Vinapasuka njiani na vinachafua mabaki ambayo mfugaji angeyachukua.

Tandikeni gazeti au jani la mgomba ndani ya ndoo, chini kabisa. Ndoo ikimiminwa inatoka safi, na mtoa ndoo hapati kisingizio.

Huyo mtoa ndoo tumzungumze kidogo. Mkutano wa mtaa hujaa wazee na wenye nyumba. Anayeshika taka nyumbani ni dada wa kazi, mtoto wa darasa la tano, au mpangaji ambaye zamu ya usafi imemwangukia, na hao hawakuwepo mkutanoni. Kwa hiyo elimu itolewe mlangoni na uani, si kwa kipaza sauti. Ukifika, msalimu aliyeko jikoni, umwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuongea naye, kisha muonyeshe kwa kutumia taka za siku hiyohiyo: hili huku, hili kule. Kwenye nyumba ya wapangaji wengi, kubalianeni na mwenye nyumba au msimamizi kwamba uani kutakuwa na ndoo moja kubwa ya pamoja. Kila chumba kikiwa na ndoo yake, ya nane haitajulikana ni ya nani.

Hatua ya 6: Ratiba isiyovunjwa

Kwa joto la pwani, mabaki yasikae zaidi ya siku mbili. Pangeni kila siku asubuhi kwa mabaki, Jumamosi kwa vinavyouzika, na vilivyobaki vifuate siku ya gari la mkandarasi. Guta likikosa kupita hata mara mbili mfululizo katika mwezi wa kwanza, rudini nyuma mkaombe radhi nyumba kwa nyumba, kwa sababu watu watakuwa wameshaanza kuchanganya.

Wakusanyaji wawe watu wanaofahamika. Tafuteni waokota makopo wanaozunguka mtaani kwenu tayari, wanajua bei na wanajua kila kichochoro. Mradi unaowaruka hao na kuleta vijana wageni wenye fulana mpya utapigwa vita kimyakimya, na kwa haki. Wapeni glavu, buti, barakoa na kitambulisho kilichogongwa muhuri wa mtaa. Andikeni makubaliano ya malipo: posho ya siku kutoka kwenye ada, na fedha ya mauzo ya makopo iwe yao. Mkishindwa hilo la pili, gawaneni mbele ya kila mtu. Fedha ya makopo ikianza kupitia mfukoni mwa mjumbe, mradi umekwisha.

Nunueni mizani yenu wenyewe. Sina la kuongeza hapo.

Na ndoo iliyochanganywa? Mkusanyaji asiimwage na asigombane. Aiache pale ilipo, afunge utepe mwekundu kwenye mkono wa ndoo na aandike namba ya nyumba. Mjumbe apite siku hiyohiyo jioni, si kesho. Nyumba ikifungiwa utepe mara tatu ndipo mwenyekiti aende mwenyewe. Wengi hurekebisha kwenye utepe wa kwanza, kwa vile jirani ameuona.

Hatua ya 7: Kiwanja cha mboji

Kwa kilo 180 za mabaki kwa siku mnahitaji eneo la kama mita 15 kwa 10, lenye kivuli au turubai, mbali na kisima na mtaro, na lisilo ubavuni mwa dirisha la mtu. Ardhi ya namna hiyo mjini ni adimu. Ulizeni shule, msikiti au kanisa lenye uwanja, au bustani za mbogamboga za bondeni. Mkikosa, mabaki yaende kwa wafugaji na mboji ifanywe na kaya chache zenye uwanja. Si aibu.

Lundo linajengwa kwa vitu vibichi na vikavu. Ndoo moja ya mabaki ichanganywe na ndoo moja na nusu mpaka mbili za majani makavu, maranda ya seremala au boksi lililochanwachanwa. Fanyeni hesabu mapema: kilo 180 ni kama ndoo 18 kubwa, kwa hiyo mtahitaji magunia matano mpaka saba ya vikavu kila siku. Watu wengi hudhani mabaki ndiyo yatakayowashinda. Yatakayowashinda ni maranda. Ongeeni na maseremala kabla ya siku ya kwanza, na muepuke maranda ya mbao zilizopakwa dawa.

Lundo lenyewe liwe na upana wa mita moja na nusu na kimo kisichozidi cha kifua. Chini pawe na matawi ili hewa ipite. Samaki na nyama vifukiwe katikati kabisa, la sivyo panya na paka watalichimbua usiku. Ndani ya siku chache lundo litapanda joto mpaka nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Kama hamna kipimajoto, chomekeni fimbo ya chuma, subirini dakika tano, kisha muiguse: ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika kwa muda, mambo yanakwenda. Pindueni lundo kila wiki, la nje liingie ndani.

Shika konzi ya mboji uikamue. Ikitoa matone machache ni sawa. Ikichuruzika, ongezeni vikavu na mpindue, na harufu mbaya nayo itaondoka kwa dawa hiyohiyo. Ikiwa kavu na lundo limepoa mapema, nyunyizieni maji. Wakati wa masika turubai halina mjadala.

Baada ya wiki 8 mpaka 12 inakuwa nyeusi, inanukia udongo, na ganda la ndizi halitambuliki. Chekecheni na muifungashe. Wauzaji wa maua wa barabarani na wakulima wa mchicha ndio wateja wa kwanza, lakini gunia la kwanza lirudi kwa kaya zilizotoa mabaki, hata kama ni kopo moja kwa kila nyumba. Anayeona maganda yake yamekuwa mbolea hahitaji semina ya pili.

Hatua ya 8: Faini ije baadaye, na ipite njia yake

Moshi ni maarufu kwa usafi, na wageni wengi huondoka wakisimulia faini. Viongozi wa miji mingine wakisikia hivyo wanataka kuanza na faini. Lakini kumtoza mtu asiyepitiwa na guta ni kumwonea. Ratiba ikishasimama ndipo mjadala wa adhabu uwe na maana.

Kumbukeni pia kwamba serikali ya mtaa haitungi sheria ndogo. Kijiji kinaweza, kwa idhini ya halmashauri ya wilaya, lakini mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo. Faini yoyote lazima itokane na sheria ndogo za halmashauri na ilipwe kwa utaratibu wa serikali, kwa kumbukumbu namba na risiti. Mjumbe anayepokea elfu tano mkononi kwa ajili ya "faini ya taka" anafanya kosa kubwa kuliko la aliyechanganya taka. Kama sheria ndogo zilizopo hazizungumzii kutenganisha, andaeni hoja, ipite kamati ya maendeleo ya kata, na diwani aipeleke baraza la madiwani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, msiishie kufagia barabara ya wageni kuona. Itumieni kukagua ndoo na kubandika hesabu ofisini: kilo zilizokusanywa, kilo zilizouzwa, fedha iliyoingia na iliyotoka. Uchomaji wa taka nao ukaguliwe siku hiyo. Mahali palipo na jivu jipya la plastiki, aghalabu pana njia ambayo guta haliingii. Pelekeni toroli.

Hatua ya 9: Rudini kwenye mkataba

Baada ya miezi sita mtakuwa na daftari. Linaonyesha uzito wa taka ambazo hazikupanda gari, na kwa hiyo safari ambazo mkandarasi hakuzifanya. Sasa lile swali la nne linafunguliwa tena. Ombeni mambo matatu kwenye mkataba ujao: mkandarasi azuiwe kuchanganya kilichotengwa, kikundi chenu kitambuliwe kisheria kama mkusanyaji wa mabaki na vinavyouzika, na sehemu ya ada ya taka ilipe posho ya wakusanyaji. Bila hilo la tatu mtakuwa mnaishi kwa hisani ya bei ya makopo, na bei hiyo hushuka bila kupiga hodi.

Angalieni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, lakini vipaumbele vya mtaa hupita kata miezi mingi kabla, na barua ya mwezi Mei inakuta bajeti imeshafungwa. Pelekeni yenu kabla mwaka wa kalenda haujaisha, ikiwa na muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa ulioridhia, nakala za kurasa za daftari la uzito na la mauzo. Moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa diwani, na nyingine ibaki ofisini kwenu ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.